Beseni

Nsimire, nywele zako nilizikata mimi.
Sikutaka wembe wa sajini ukujue
kabla ya mkasi wangu.
Usiku ule umeme haukuwapo, Nyamugo yote giza,
nikabana tochi ya simu kwa meno
na misuko uliyoilipia franga elfu kumi
ikaanguka mmoja mmoja mkekani.
Nimeitia kwenye kopo la maziwa ya unga.
Baba yako aliuliza: kopo hili lina nini?
Nikamwambia: chumvi.
Hajalifungua. Nadhani anajua.

Uliondoka na soksi pari mbili, sabuni, picha ya pasipoti,
na karatasi yenye muhuri inayokuita mwanamaji,
wewe uliyezaliwa mlimani
ambako maji ni foleni,
ni bidoni ya njano,
ni kitu cha kubebwa kichwani na kumwagwa kwa kipimo.
Ziwa tuliliona kutoka juu tu,
kama shuka ya jirani iliyoanikwa mbali.

Sikuwa na wa kuniambia mzazi wa baharia hufanya nini.
Mama Cikuru, ambaye mwanawe ni padri,
alisema: weka akiba ya sala.
Shangazi yako akasema: weka akiba ya pesa.
Nikanunua yuniti, nikalala na simu kifuani.

Jumapili ya nne ikalia. Dakika tatu.
Ya kwanza uliimaliza kwa kulia,
ya pili kwa kusema hulii.
Ya tatu ukaeleza upesi: wanawazamisha
kwenye Tanganyika mkiwa na viatu,
mtu ahesabu hadi sitini ndipo aibuke,
nawe ukifika thelathini na mbili
mkono wako unajiinua wenyewe,
na wenye kuinua mkono wanalala nje.
Nilitaka kusema: rudi.
Neno lilikuwa mlangoni, limeshavaa viatu.
Nikauliza: mnakula nini?
Ukasema maharage.
Ikakatika.

Tangu siku hiyo, nikimaliza vyombo,
najaza beseni, nasema naosha uso.
Nauzamisha wote, hadi masikioni,
nahesabu.
Siku ya kwanza kumi na nane.
Niliibuka nikikohoa, paka akakimbia.
Ya pili kumi na tisa.
Ya tano nikarudi kumi na saba, kwa sababu ya mafua,
na maji yale hayakumwagwa, yalipiga deki,
usije ukasema mama yako amekuwa tajiri.

Humo ndani nasikia mambo.
Moyo. Jenereta la kinu cha unga.
Mtu ananiita kwa jina langu la usichana.
Mapafu yana lugha yao, Nsimire:
mwanzo yanaomba,
kisha yanatukana,
na baada ya arobaini yananyamaza
na hapo ndipo mtu anaogopa kweli.
Nilitaka kukuandikia hilo.
Vumilia matusi, kimya ndicho cha kuangalia.
Lakini barua anazisoma komanda kwanza,
nikaandika tu: huku mvua nyingi,
mbuzi wa Mama Cikuru amezaa pacha.

Jana baba yako alinikuta,
uso majini, mikono imeng'ang'ania kingo.
Hakuuliza.
Yeye fundi redio, yeye aliyesema siku ile
kwamba hana binti askari,
alivuta kigoda, akavua saa,
akailaza juu ya goti.
Nilipoibuka, maji yakinichuruzika shingoni,
alisema bila kunitazama:
"Hamsini na tatu.
Lakini mwishoni unahesabu mbiombio, unajidanganya."
Kisha akakunja mikono ya shati,
akapiga magoti mbele ya beseni,
akanipa saa.